Neno "point" la Kiingereza: namna ya kulifuata hadi lilikotoka na kulipatia Kiswahili chake

Mtu anayetafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, awe mwandishi wa habari, mwalimu wa sekondari au karani anayepewa barua aigeuze kabla ya saa sita mchana, hukutana na neno "point" mara nyingi kuliko anavyodhani. Ni neno fupi la silabi moja, na kwa kuwa Kiswahili tayari kina "pointi", mkono hukimbilia kuliandika hivyo na kuendelea na kazi. Matokeo yake ni maandishi ambayo maneno yake yote ni ya Kiswahili lakini msomaji hayamwingii: "katika pointi hii ya wakati", "pointi ya kuchemka", "hakuna pointi ya kulia". Mwongozo huu unaeleza namna ya kulifuata neno hilo hadi lilikotoka, kisha kuchagua neno la Kiswahili linalofanya kazi ileile, kwa sababu naamini kwamba anayeijua asili yake hahitaji kukariri orodha ndefu ya tafsiri.

Anzia kwa fundi wa pancha

Kabla ya kufungua kamusi, kamtazame fundi wa pancha kando ya barabara. Baiskeli imeletwa, tairi limelala. Fundi anautoa mpira wa ndani, anaujaza upepo, kisha anauzamisha kidogo kidogo ndani ya beseni la maji huku akiuzungusha, hadi vipovu vinapoanza kupanda kwa mfululizo. Hapo anaweka kidole, anaufuta mpira kwa kitambaa na kuchora alama mahali penyewe. Baadaye anapapasa upande wa ndani wa tairi na kuchomoa msumari. Mbele yako sasa kuna vitu viwili ambavyo ni lazima uvishike akilini: ncha ya msumari, iliyochoma, na kitundu kilichobaki, ambacho ni kidogo kiasi kwamba bila maji kisingeonekana.

Kilatini kina kitenzi "pungere", maana yake kuchoma au kudunga, kama vile Mtanzania anavyosema kuchoma sindano na Mkenya kudunga sindano. Kutokana na kitenzi hicho likapatikana neno "punctum", yaani kilichodungwa: kitundu kidogo, na kwa hiyo doa, alama ndogo, nukta. Likapatikana pia umbo lake la kike, "puncta", ambalo maana yake ilielekea kwenye kile kinachodunga, yaani ncha. Kifaransa kikayarithi yote mawili na kuyatenga vizuri hadi leo: "point" la kiume ni nukta, na "pointe" la kike ni ncha. Kiingereza kiliyapokea maneno hayo kutoka Kifaransa katika karne zilizofuata ushindi wa Wanormani wa mwaka 1066, lakini kwa kuwa hakikubaki na jinsia za nomino, na kwa kuwa irabu ya mwisho ya "pointe" ilikoma kutamkwa, maneno mawili yakawa neno moja. Huo ndio mzizi wa tabu yote. Mwingereza anapoandika "point", huenda anazungumzia kitundu au anazungumzia msumari, na maandishi hayamsaidii msomaji kujua ni kipi.

Kiswahili hakina tatizo hilo. Tunayo nukta na tunayo ncha, na hakuna mtoto anayeyachanganya. Msomaji wa Bukavu au Lubumbashi aliyesoma kwa Kifaransa naye ana faida, kwa sababu shuleni alifundishwa maneno mawili pale Mwingereza anapotumia moja. Anayehitaji kuwa mwangalifu zaidi ni sisi tuliosomeshwa kwa Kiingereza, tuliozoea kuona umbo moja na kudhani kwamba nyuma yake kuna maana moja.

Na hilo neno "pancha" lenyewe, ambalo tunalitamka bila kufikiri, limetokana na "puncture" ya Kiingereza, ambayo nayo ni mtoto wa "pungere". Kwa hiyo pancha na pointi ni ndugu wa tumbo moja waliofika kwetu kwa nyakati tofauti. Ndugu wengine ni wengi. "Punctual" ni mtu anayefika kwenye nukta yenyewe ya wakati. "Punctuation" ni kazi ya kutia nukta na alama nyingine za vituo katika maandishi. "Pungent" ni harufu inayochoma pua. "Appoint" lilianza kwa maana ya kuliweka jambo mahali pake, na "disappoint" hapo mwanzo lilikuwa kumwondoa mtu katika wadhifa aliopewa, kabla halijafikia maana ya leo ya kumvunja mtu moyo. Undugu ulionigusa zaidi niliukuta katika Biblia. Katika Matendo ya Mitume 2:37, tafsiri ya Kilatini inasema watu waliomsikiliza Petro "compuncti sunt corde", na Biblia ya Kiswahili inasema "wakachomwa mioyo yao". Kilatini kimetumia kitenzi cha kudunga, na Kiswahili kimetumia kitenzi kilekile tunachokitumia kwa mwiba na sindano.

Hatua ya kwanza: jua ni tundu au ni ncha

Unapokutana na neno hili katika matini, jiulize kwanza kama linahusu kinachochoma au alama iliyobaki. Ikiwa ni kinachochoma, kazi ni nyepesi: ncha ya sindano, ncha ya kisu, ncha ya mkuki, ncha ya penseli. Kuwa macho tu kwamba Kiswahili kimeipa ncha kazi nyingine ambayo Kiingereza hakikuipa "point", kwani Ncha ya Kaskazini na Ncha ya Kusini kwao ni "poles". Kwa upande wa nchi kavu iliyochongoka kuingia baharini, ambayo Waingereza huiita "point" katika ramani zao, neno letu ni rasi, kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kichwa. Ndiyo maana tuna Ras Serani pale Mombasa, Ras Nungwi Unguja na Ras Kigomasha Pemba. Mwingereza ameona ncha, Mwarabu ameona kichwa, na pwani yetu imefuata jicho la Mwarabu. Anayeandika "pointi ya Nungwi" amelipoteza jina lililoko tayari.

Ikiwa ni alama iliyobaki, uko upande wa nukta, na hapa inafaa kutua, kwa sababu neno letu lina utajiri wake. Nukta imetoka katika Kiarabu, na aliyepita chuo cha Kurani anaikumbuka kabla ya kitu kingine chochote: umbo moja la herufi, kama bakuli lililolala, huwa "ba" likiwekewa nukta moja chini, "ta" likiwekewa mbili juu, na "tha" zikiwa tatu. Anayekosea nukta amebadilisha neno. Ibn Muqla, waziri na mwandishi wa hati aliyefariki Baghdad mwaka 940, aliifanya nukta kuwa kipimo cha herufi zote: nukta moja ni alama inayoachwa na ncha ya kalamu ya tete inapogandamizwa kwenye karatasi mara moja, na urefu wa alifu, herufi ya kwanza, huhesabiwa kwa idadi ya nukta hizo. Hapo ncha na nukta zimekutana tena kama msumari na kitundu chake, na tunaona kwa nini lugha huelekea kuvichanganya vitu hivi viwili: kimoja ni chapa ya kingine.

Kutokana na nukta hiyo tunapata tafsiri nyingi bila kutumia nguvu. Katika jiometri, "point" ni nukta. Euclid, aliyefundisha Aleksandria yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alianza kazi yake kwa kusema kwamba nukta ni kile kisicho na sehemu. Katika hesabu, 3.5 husomwa tatu nukta tano, ingawa wengi darasani husema tatu pointi tano, na anayeandikia wasomaji wa Kongo akumbuke kwamba Kifaransa hutumia mkato mahali hapo, hivyo wao wamezoea kuona 3,5. Maandishi ya wasioona, yaliyobuniwa na Mfaransa Louis Braille na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1829, tunayaita nukta nundu, na sijui kama kuna lugha iliyoyapa jina zuri kuliko hilo: nukta sita unazozisoma kwa ncha za vidole kwa sababu zimeinuka kama nundu.

Hatua ya pili: tazama nukta imewekwa juu ya nini

Maana nyingi za "point" zinazosumbua si tundu halisi wala ncha halisi. Ni nukta iliyowekwa juu ya kitu kingine: juu ya mstari wa wakati, juu ya kipimo cha joto, juu ya ramani, juu ya karatasi ya kuhesabia magoli, juu ya mlolongo wa maneno ya msemaji. Kiingereza huendelea kuitaja nukta, huku Kiswahili mara nyingi kikitaja kile kitu ambacho nukta imewekwa juu yake. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Chukua joto. Mwingereza anaona alama kwenye kipimajoto na kuiita "boiling point". Sisi tunaona kimo cha joto, na tunasema kiwango cha kuchemka, kiwango cha kuganda, kiwango cha kuyeyuka. Kiwango cha maji kuchemka usawa wa bahari, pale Tanga au Lamu, ni digrii 100 za Selsiasi, na Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa huo, ni yapata digrii 94 au 95. Jaribu kuiandika sentensi hiyo kwa "pointi" uone inavyokwama.

Chukua mahali. Panapogawiwa chakula ni kituo cha ugawaji. Watu wanapochotea maji ni kituo cha maji. Pa kukutania ni mahali pa kukutana. Chukua wakati: "at this point" ni hapa, hapo, sasa, au wakati huo, kulingana na kitenzi kilicho karibu, na mara nyingi kiambishi peke yake kinatosha, kama katika "alipofika hapo akanyamaza". Mtu aliye "on the point of" kuondoka ni mtu aliyekuwa karibu kuondoka, na aliye "at the point of death" yuko katika sakarati ya mauti. Dira ya baharini ina "points" 32, kila moja ikiwa na digrii 11.25, lakini kwetu hizo ni pande za dira, na baadhi ya pande mabaharia wa pwani walizipa majina ya nyota, kama Suheli kwa upande wa kusini.

Yapo mahali ambapo "pointi" ndiyo Kiswahili sahihi na hakuna haja ya kuikimbia. Katika mpira, Tanzania husema pointi tatu na Kenya aghalabu alama tatu, na vyote viwili vinaeleweka. Katika mitihani, Mtanzania aliyepata divisheni wani ya pointi saba amefaulu kwa kiwango cha juu kabisa cha kidato cha nne, kwa kuwa huko pointi chache ndizo bora, ilhali katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa Kenya, gredi A ina pointi 12 na nyingi ndizo bora. Anayeandikia nchi zote mbili lazima aliseme hilo wazi. Ukubwa wa herufi nao hupimwa kwa pointi. Mfumo huo ulianzia kwa mchonga herufi wa Paris, Pierre Simon Fournier, mwaka 1737, na katika kompyuta za leo pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi, hivyo herufi za pointi 12 zimetengewa kimo cha sehemu ya sita ya inchi, karibu milimita 4.2. Ukiandika "nukta 12", msomaji ataanza kutafuta madoa.

Jihadhari na asilimia

Kosa moja linastahili aya yake, kwa kuwa linagusa mifuko ya watu na mimi mwenyewe nimewahi kulifanya. Nilipewa tangazo la wakopeshaji lililosema kwamba riba imeshuka kwa "two percentage points", kutoka asilimia 18 hadi 16, nami nikaandika kwamba riba imepungua kwa asilimia mbili. Mhariri aliirudisha karatasi na hesabu pembeni. Asilimia mbili ya 18 ni 0.36, kwa hiyo kwa maneno yangu riba mpya ingekuwa asilimia 17.64. Kwa mkopo wa shilingi milioni 10 wa mwaka mmoja, riba ya asilimia 16 ni shilingi 1,600,000, na ile niliyoitangaza mimi bila kujua ni shilingi 1,764,000. Tofauti ya shilingi 164,000 ilikuwa imetoka katika neno moja nililoliruka. Tangu hapo hutumia pointi za asilimia, na kama nafasi inaruhusu nataja namba zote mbili, kutoka ngapi hadi ngapi, maana hapo hakuna anayeweza kupotea.

Hatua ya tatu: katika mazungumzo, tafuta kazi ya neno

Sehemu ngumu zaidi ni "point" ya mazungumzo, ile nukta inayowekwa juu ya maneno ya mtu. Kamusi zitakupa hoja, na hoja ni neno zuri, lakini si kila mahali. Bungeni, kwa mfano, hoja ina maana yake maalumu: ni pendekezo rasmi linalowasilishwa, kuungwa mkono na kuamuliwa na wabunge, yaani kile Waingereza wanachokiita "motion". Ukitafsiri taarifa ya mjadala na kuandika kwamba mbunge alitoa hoja tatu, msomaji atadhani Bunge lilipokea mapendekezo matatu, kumbe alisema mambo matatu ndani ya hoja moja. Hapo "mambo" ndiyo neno salama. Na "point of order" ina majina mawili: mbunge wa Tanzania husimama kuhusu utaratibu, na wa Kenya husimama kwa hoja ya nidhamu.

Nje ya Bunge, jiulize msemaji wa Kiswahili angesema nini mahali hapo kama Kiingereza kisingekuwepo kabisa. Anayeambiwa aje kwenye "point" anaambiwa aache kuzunguka mbuyu, au aseme jambo lenyewe. Jambo lililo "beside the point" liko nje ya mada. Mtu mwenye "point" amenena, au ana hoja. "What is the point of crying?" ni ya nini kulia, au kulia kuna faida gani. "Point of view" ni mtazamo, na "turning point" ni wakati mambo yalipogeuka. Anayesemwa kwamba "made a point of" kumsalimia mzee alihakikisha amemsalimia, na "case in point" ni mfano wenyewe. Katika hizo zote hutakuta nukta hata moja, na huo si upungufu wa Kiswahili. Kifaransa chenyewe kimelichukua "point" na kulifanya kuwa neno la kukanusha, kwa maana ya "hata nukta", na sisi tunasema hivyohivyo kwa chembe: sina hata chembe.

Kitenzi kiko rahisi kiasi. Kuelekeza kwa mkono ni kuonyesha, kuelekeza bunduki ni kumlenga mtu, kumlaumu ni kumnyooshea kidole, na "point out" ni kubainisha au kukumbusha.

Jaribio la mwisho

Ukishatafsiri, funika matini ya Kiingereza na usome Kiswahili chako kwa sauti mbele ya mtu asiyeiona kazi yako. Pale anapokukatiza na kuuliza "pointi gani?", rudi ukaangalie. Nimetunga sentensi moja ya kufanyia zoezi, na ningependa uijaribu mwenyewe kabla ya kusoma jibu langu: "At this point the nurse pointed to the point of the needle and said the point was not to hurry."

Mimi ningeandika hivi: "Hapo muuguzi akaonyesha ncha ya sindano, akasema kwamba cha muhimu ni kutofanya haraka." Kiingereza kina "point" nne. Ya kwanza ilikuwa nukta juu ya wakati, ikawa hapo. Ya pili ilikuwa kitenzi, ikawa kuonyesha. Ya tatu ndiyo pekee iliyobeba chuma, ikabaki ncha. Ya nne ilikuwa nukta juu ya maneno, nayo ikaingia katika "cha muhimu", mahali ambapo hata nomino haikuhitajika.